Mawe ya Hekalu na Mikono Iliyoyachonga: Uhakiki wa Mafundisho Juu ya Asili ya Kuta za Yerusalemu

Utangulizi

Mwinjili Marko anasimulia kwamba Yesu alipokuwa akitoka Hekaluni, mmoja wa wanafunzi wake alimwonyesha ukubwa wa mawe na uzuri wa majengo yale, naye akajibiwa kwamba yote yatabomolewa (Marko 13:1-2). Tangu siku hiyo mawe yale hayajaacha kuwashangaza watu. Mahujaji wetu waendao Yerusalemu hurudi na picha za Ukuta wa Magharibi, ambao wengi huuita Ukuta wa Maombolezo, na picha hizo zimekuwa sehemu ya mahubiri na semina katika sharika zetu. Jambo hilo si baya. Mungu alisema na watu mahali fulani, na mahali huwa na mawe.

Hata hivyo, sisi tunaohudumu Temeke, tukiwa pia na wajibu wa kuwafundisha wanaojiandaa kwa huduma, tunaona kwamba pamoja na picha hizo kumeenea mafundisho ambayo hayana budi kupimwa. Fundisho la kwanza husema kwamba mawe yale makubwa yaliwekwa na mfalme Sulemani. La pili husema kwamba, kwa kuwa Bwana alitabiri kuwa halitabaki jiwe juu ya jiwe, basi ukuta unaosimama leo hauwezi kuwa wa Hekalu. La tatu husema kwamba mawe ya uzito ule hayangeweza kusogezwa na binadamu, na kwa hiyo yaliwekwa na malaika, na majitu ya kale, au na nguvu zisizojulikana.

Makala hii inakusudia kuyahakiki mafundisho hayo matatu moja baada ya jingine. Tutajaribu kuonyesha kwamba, ingawa yanapingana, yana kosa moja la pamoja: yanayatwika mawe mzigo wa kuthibitisha imani, na katika kufanya hivyo yanawaondoa machoni petu watu walioyachimba, walioyachonga na walioyabeba. Kosa hilo si dogo, kwa maana asiyewaona wajenzi wa Yerusalemu hatawaona wajenzi wa kanisa lake mwenyewe.

Je, ni mawe ya Sulemani?

Kwanza ni lazima tueleze ukuta huu ni ukuta gani. Herode Mkuu alipoanza kulijenga upya Hekalu, yapata mwaka 20 au 19 K.K., hakuridhika na nafasi iliyokuwapo kileleni. Aliuzungushia mlima kuta nne kubwa, akajaza kifusi na matao ndani yake, akapata uwanja tambarare. Upande wa magharibi ukuta huo una urefu wa meta 488 hivi, upande wa mashariki meta 470, kaskazini meta 315 na kusini meta 280. Hekalu lenyewe lilisimama juu ya uwanja huo. Kwa hiyo Ukuta wa Magharibi ni ukuta wa kuzuia kifusi cha uwanja. Haukuwa ukuta wa nyumba ya ibada.

Dhana kwamba mawe haya ni ya Sulemani haikuanzia kwa wahubiri wa siku hizi. Mwanahistoria wa Kiyahudi Josephus, aliyeishi karne ya kwanza B.K., aliandika kwamba ukuta wa mashariki ulijengwa na Sulemani. Agano Jipya nalo linautaja ukumbi uliokuwa na jina la Sulemani (Yohana 10:23, Matendo 3:11, 5:12). Katika karne ya 19 Charles Warren, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alichimba mashimo marefu kando ya kuta hizo kati ya mwaka 1867 na 1870, akakuta alama zilizopakwa rangi nyekundu juu ya mawe ya chini. Baadhi ya wataalamu wa wakati huo walizisoma kama herufi za Kifoinike, wakawakumbuka mafundi wa Hiramu wa Tiro.

Uchunguzi uliofuata haukuunga mkono maoni hayo. Mawe yenye ukingo mwembamba uliochongwa kuzunguka uso wake, ambayo ndiyo hasa huonekana katika picha za mahujaji, ni kazi ya wakati wa Herode na waliomfuata. Ushahidi ulio wazi zaidi ulitangazwa mwaka 2011. Chini ya msingi wa ukuta wa magharibi, karibu na pembe ya kusini, waakiolojia walikuta birika la kutawadhia lililozibwa ili ukuta upite juu yake. Ndani yake mlikuwa na sarafu za Valerius Gratus, liwali wa Kirumi aliyemtangulia Pontio Pilato, zilizotolewa mwaka 17 au 18 B.K. Herode alikufa mwaka 4 K.K. Basi sehemu ile ya ukuta ilijengwa miaka ishirini au zaidi baada ya kifo chake. Hata Herode mwenyewe hakuuona ukuta wake ukikamilika.

Msomaji wa Biblia hana sababu ya kushtuka. Katika Yohana 2:20 Wayahudi wanamwambia Yesu kwamba Hekalu limejengwa kwa muda wa miaka 46. Tukihesabu kutoka mwaka kazi ilipoanza, tunafika katika siku za huduma ya Bwana. Sarafu chache ndani ya birika zinakubaliana na mwinjili.

Upande wa mashariki una fundisho lake. Meta 32 hivi kutoka pembe ya kusini-mashariki kuna mstari wima ambapo aina mbili za ujenzi zinakutana. Kusini mwa mstari ni kazi ya Herode. Kaskazini mwake ni ujenzi uliotangulia. Wataalamu wanajadiliana kama ujenzi huo wa kale ni wa Wahasmonea au ni wa kabla yao. Hata hivyo hakuna jiwe hata moja katika kuta hizi lililothibitishwa kuwa la Sulemani. Hatusemi kwamba Sulemani hakujenga. Tunasema kwamba mhubiri anayeonyesha picha ya ukuta wa Herode na kuuita wa Sulemani anaiweka imani ya wasikilizaji wake juu ya kitu kisichokuwapo. Siku kijana wa Kipaimara atakapoisoma habari ya zile sarafu, ataona kwamba mchungaji wake hakusema kweli juu ya jiwe. Je, atamwamini atakapomwambia habari za ufufuo?

Jiwe juu ya jiwe

Fundisho la pili lina sura ya kumcha Mungu zaidi. Linauliza: ikiwa Bwana alisema kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe, mbona mawe yamebaki? Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani Ernest L. Martin alitoa jibu lililopata wafuasi wengi. Alisema kwamba uwanja wote unaoitwa leo mlima wa Hekalu ulikuwa ngome ya Antonia, kambi ya Warumi, na kwamba Hekalu lilikuwa kusini zaidi, juu ya chemchemi ya Gihoni, ambako halikubaki hata jiwe moja.

Tunaheshimu nia ya kulitetea neno la Bwana. Lakini hoja hii haisimami, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza inatoka ardhini. Katika uchimbaji ulioongozwa na Benjamin Mazar, ulioanza mwaka 1968, chini ya pembe ya kusini-magharibi ya uwanja huo lilipatikana jiwe lililoanguka kutoka juu, lenye maandishi ya Kiebrania yanayotaja mahali pa kupigia baragumu. Josephus anaeleza kwamba kuhani alisimama juu ya Hekalu kuitangaza Sabato kwa baragumu. Kambi ya Warumi haikuwa na haja ya mahali kama hapo.

Sababu ya pili inatoka katika Maandiko yenyewe, nayo kwetu ni nzito zaidi. Katika Luka 19:44 maneno yale yale ya jiwe juu ya jiwe yanasemwa juu ya mji wote wa Yerusalemu. Josephus anasimulia kwamba Tito aliamuru minara mitatu ya Herode iachwe ikisimama, na kitako cha mmoja wa minara hiyo kipo mpaka leo karibu na lango la Yafa. Basi anayetaka kulihamisha Hekalu ili unabii utimie kwa hesabu ya kila jiwe, itambidi auhamishe na mji pia. Bwana alisema kwa lugha ya manabii, na lugha hiyo hutangaza hukumu bila kufanya kazi ya karani wa kuhesabu mali. Yerusalemu ulianguka mwaka 70 B.K. Hekalu liliteketea, na sadaka zake zikakoma. Katika miaka ya 1990 waakiolojia waliondoa kifusi kilichofunika barabara ya kale chini ya ukuta wa magharibi, wakayakuta mawe makubwa yaliyoporomoshwa kutoka juu, yamelala mahali yalipoangukia. Hukumu ilikuwa kweli. Haihitaji kusaidiwa kwa kubadilisha ramani.

Je, mkono wa mwanadamu hauwezi?

Fundisho la tatu ndilo linalopendwa kuliko yote. Katika ukuta wa magharibi, ndani ya njia iliyochimbwa chini ya majengo ya mji, kuna jiwe moja lenye urefu wa zaidi ya meta 13 na kimo cha meta 3 hivi. Makadirio ya kwanza ya uzito wake yalipita tani 500. Makadirio ya baadaye yameshuka kufikia nusu yake. Hata nusu hiyo inatisha, na anayelitazama huuliza: nani aliliinua?

Jibu ni kwamba pengine halikuinuliwa. Machimbo ya mawe ya chokaa yaliyotumiwa na wajenzi yamepatikana kaskazini mwa mji, mahali palipo juu kuliko mlima wa Hekalu. Mawili kati yake yalitangazwa mwaka 2007 na 2009. Mafundi walichimba mifereji kuzunguka jiwe likiwa bado ndani ya mwamba, wakalibandua kwa kabari, kisha likateremshwa. Kila mstari wa ukuta ulipokwisha, kifusi kilijazwa ndani mpaka usawa wake, na mstari uliofuata ukaburutwa juu ya kifusi hicho. Josephus anataja magari 1,000 ya kubebea mawe, mafundi 10,000, na makuhani 1,000 waliofundishwa uashi na useremala ili wajenge sehemu ambazo mtu asiye kuhani hakuruhusiwa kuingia. Tarakimu za Josephus tuzichukue kwa tahadhari. Vipimo vyake vya mawe ya Hekalu, kwa mfano, havilingani katika vitabu vyake viwili. Lakini jambo analolishuhudia ni dhahiri: ilikuwa kazi ya watu, na watu wengi.

Wanaotegemea 1 Wafalme 6:7, kwamba sauti ya nyundo haikusikika nyumba ilipojengwa, na waisome aya yote. Mwandishi anaeleza sababu: mawe yalikuwa yamekwisha kutengenezwa huko machimboni. Marabi wa baadaye walisimulia habari za kiumbe cha ajabu kilichopasua mawe kwa ajili ya Sulemani, na majirani zetu Waislamu wanasoma katika Kurani kwamba majini walimtumikia Sulemani katika ujenzi. Hatuko hapa kuyadhihaki mapokeo ya mtu. Tunachosema ni kwamba Kitabu cha Wafalme chenyewe hakitaji malaika wala jini. Kinataja shokoa: watu 30,000 waliopelekwa Lebanoni kwa zamu, wachukuzi 70,000, na wachongaji 80,000 milimani (1 Wafalme 5:13-15). Tena kitabu hicho kinaeleza mwisho wa jambo hilo. Sulemani alipokufa, watu walimwendea Rehoboamu kulalamikia nira ya baba yake, na Adoramu, msimamizi wa shokoa, akapigwa kwa mawe hata akafa (1 Wafalme 12:4, 18). Hapo ufalme ukagawanyika. Maandiko hayakuona aibu kuwataja wabeba mawe. Aibu hiyo tumeileta sisi.

Mawe ya pwani yetu

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kulijihadhari fundisho hili la tatu, maana tumewahi kufanyiwa vivyo hivyo. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Alipoona kipande cha ubao mlangoni, aliamini kwamba ni mwerezi wa Lebanoni, akayahusisha magofu yale na Malkia wa Sheba aliyemtembelea Sulemani. Ilibidi wachunguzi wawili, David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, waonyeshe kwamba wajenzi walikuwa Waafrika wa nchi ile ile. Angalieni kinyume kilichopo: ukuta wa Yerusalemu unapewa malaika, na ukuta wa Afrika unapewa Yerusalemu. Katika hali zote mbili aliyeshika patasi hatajwi.

Kilwa Kisiwani mambo yalikuwa yale yale. Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kwa muda mrefu vilielezwa na waandishi wa kikoloni kuwa kazi ya wageni kutoka Uajemi na Uarabuni. Uchimbaji wa Shanga, katika visiwa vya Lamu, uliofanywa na Mark Horton katika miaka ya 1980, ulionyesha kwamba palikuwa na msikiti wa miti katika karne ya 8, na kwamba ujenzi wa mawe ulikua hatua kwa hatua pale pale. Matumbawe yalikatwa baharini yakiwa laini, yakachongwa, kisha yakawa magumu kwa hewa. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya kuni. Hiyo ni elimu ya watu walioijua bahari yao.

Haki inatutaka tuseme upande wa pili pia. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliotumia mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, Kilwa ikiwa miongoni mwake, ulionyesha kwamba wengi wa wale waliozikwa pale walikuwa na asili ya Kiafrika upande wa akina mama, na kwa sehemu kubwa ya Kiajemi upande wa akina baba. Basi simulizi za Washirazi hazikuwa uzushi mtupu. Mhakiki mwaminifu hachagui ushahidi unaompendeza tu. Lakini nasaba ya waliozikwa kwa heshima ni swali moja, na nani alizamia kukata matumbawe na kuchoma chokaa ni swali jingine. Hilo la pili ndilo husahauliwa.

Wala tusidhani kwamba ni wageni tu waliosahau. Sisi wenyewe tunasema kwamba Wajerumani walijenga kanisa la Azania Front, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1898. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza majina ya waliochanganya chokaa? Kule Kunduchi, si mbali na magofu ya msikiti na makaburi yaliyopambwa kwa bakuli za kaure ya Kichina, wanawake na wanaume kwa miaka mingi wamevunja mawe kwa nyundo ili kuuza kokoto. Majengo mengi ya jiji hili, nyumba za ibada zikiwamo, yamesimama juu ya kazi ya namna hiyo.

Neno kwa wahubiri

Tumalizie kwa kuuliza jambo hili linawahusuje wachungaji na wanafunzi wa teolojia. Martin Luther, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha teolojia ya utukufu na teolojia ya msalaba. Ya kwanza humtafuta Mungu katika mambo makuu yanayoonekana. Ya pili hukubali kuyaita mambo jinsi yalivyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika hoja zake 95, alikuwa amekwisha kusema juu ya jengo jingine la mawe makubwa, Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Alisema kwamba ni heri lingekuwa majivu kuliko kujengwa kwa ngozi na mifupa ya kondoo wa Kristo. Matengenezo ya Kanisa yalianza, kwa sehemu, kwa kuuliza gharama ya jengo ililipwa na nani.

Swali hilo linatuhusu. Katika sharika za Temeke hakuna mwaka upitao bila sadaka ya ujenzi. Tunajenga, na ni vema tujenge. Washarika wetu wengi ni mafundi uashi, saidia fundi, vibarua na wapasua kokoto. Mtu wa namna hiyo anaposikia kutoka mimbarani kwamba mawe makuu ya Mungu hayawezi kuwa kazi ya mikono kama yake, anafundishwa kwamba kazi yake haifai kuwa karibu na utakatifu. Lakini Injili inasema kwamba yule aliyetabiri kuanguka kwa Hekalu alijulikana kijijini kwake kwa kazi ya mikono (Marko 6:3). Neno la Kiyunani tulilolizoea kama seremala lina maana pana zaidi, ya fundi mjenzi. Yesu aliyatazama mawe yale kama mtu aliyeijua kazi. Hakuyaabudu, wala hakuyadharau.

Basi, mhubiri na aseme kweli: kuta zile ni za Herode na waliomfuata, zilijengwa kwa akili, jasho na miaka mingi. Aongeze jambo ambalo Josephus anatuachia: kazi ya Hekalu ilipokwisha, muda mfupi kabla ya vita vya mwaka 66 B.K., mafundi zaidi ya 18,000 walibaki bila kazi, ikabidi wapewe kazi ya kutandaza mawe meupe katika njia za mji. Mambo haya yanaweza kuhubiriwa Temeke, na yataeleweka.

Tena, kabla ya kuonyesha picha ya ukuta wa Yerusalemu, baraza la wazee na litazame daftari la malipo ya jengo lake. Yeremia alitamka ole juu ya ajengaye nyumba yake kwa udhalimu na kumtumikisha mwenzake bila ujira (Yeremia 22:13). Yakobo alisema kwamba ujira uliozuiliwa unalia (Yakobo 5:4). Naye Habakuki alisema kwamba katika mji uliojengwa kwa damu, jiwe lenyewe litapiga kelele ukutani (Habakuki 2:11-12). Tukitaka mawe yaseme, ushuhuda wao ni huo. Petro naye, akilitaja kanisa, hakutaja mawe ya tani mia tano. Alitaja mawe yaliyo hai (1 Petro 2:5), na miongoni mwa hayo yumo kibarua anayesubiri malipo yake Jumamosi jioni.